Uzamili wa Fedha Ulaya: Tathmini kwa Mwombaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Wahitimu wa biashara, uchumi na hesabu za bima kutoka Maseno, Egerton, Kabarak na Masinde Muliro wamezidi kuulizia shahada ya uzamili ya fedha katika vyuo vya Ulaya. Wengi wao huanza kwa kuangalia jina la chuo, kisha karo, na masomo yenyewe huyasoma wakati barua ya udahili imekwisha kufika. Mpangilio huo huwagharimu. Ninafanya kazi katika idara ya mikopo hapa Kisumu, na nimekaa na wenzangu wadogo tukizisoma kurasa za programu hizi, masharti ya udahili na kanuni za viza kwa kina cha kutosha kuandika tathmini ambayo natumaini itamfaa mtu kabla hajalipa ada ya kwanza ya maombi. Nimezipima kwa mambo matatu: iwapo zinalingana na kile alichokwisha kusoma mwombaji wa Kenya, iwapo gharama yake yote inaweza kujulikana mapema, na iwapo maarifa yake yatamfaa mwanafunzi popote atakapoajiriwa, iwe ni katika benki ya Frankfurt au katika chama cha akiba na mikopo cha walimu wa Kakamega.

Programu hizi zimegawanyika katika makundi mawili ambayo matangazo huyachanganya. Kuna zile za mhitimu mpya, ambazo ndizo nyingi, na kuna zile za mtu aliyekwisha kufanya kazi katika sekta ya fedha kwa miaka kadhaa. London Business School, kwa mfano, huendesha programu ya uchambuzi wa fedha kwa wahitimu wapya na nyingine ya fedha kwa wenye uzoefu, ilhali uzamili wa fedha wa Chuo Kikuu cha Cambridge unadai uzoefu wa kazi. Afisa wa benki wa Nakuru aliyehudumu miaka minane asijifungie katika darasa la vijana wa miaka 22 ambao bado wanafundishwa namna ya kusoma mizania, na kijana aliyemaliza digrii mwaka jana asitume maombi mahali ambapo hawezi kuzingatiwa.

Kuhusu orodha za ubora, gazeti la Financial Times limekuwa likizichapisha kwa programu za fedha tangu 2011, na vyuo vya Ufaransa, hasa HEC Paris, vimekuwa kileleni mara nyingi. Orodha hiyo ina kazi yake, lakini uzito mkubwa umewekwa kwenye mishahara ya wahitimu miaka mitatu baada ya kuhitimu. Kipimo hicho humweleza msomaji ni nani waliajiriwa na benki za uwekezaji za London na Paris. Hakimwelezi mtu atakayerudi kusimamia mikopo ya wakulima wa miwa wa Muhoroni kama atakuwa amejifunza kukadiria hatari ya mikopo hiyo. Kwa mwombaji wa huku, orodha ya masomo ya kila muhula ni ushahidi bora kuliko nafasi ya chuo gazetini.

Hapo kwenye masomo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Programu za fedha za Ulaya zinatofautiana sana kwa kiasi cha hesabu. Ile inayofundishwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Zurich na ETH Zurich, au ile ya fedha za kihesabu ya Chuo Kikuu cha Uchumi na Biashara cha Vienna, inamchukulia mwanafunzi kuwa anaijua vizuri kalkulasi, aljebra ya matrisi, nadharia ya uwezekano na uandishi wa programu za kompyuta. Mhitimu wa hesabu za bima wa Maseno anaweza kulikabili darasa hilo bila hofu. Mhitimu wa biashara aliyesoma kozi mbili za hesabu katika mwaka wa kwanza hataweza, hata kama ana daraja la kwanza, na ni bora ajue hivyo akiwa bado Njoro. Kwa upande mwingine, programu za fedha za kampuni na uwekezaji za vyuo vingi vya Uholanzi na Uswidi huhitaji takwimu, misingi ya ekonometria (takwimu za kupimia mambo ya uchumi) na fedha, yaani mambo ambayo digrii nyingi za biashara za Kenya huwa zimeyagusa.

Mtu asidhani hesabu hizo ni za Ulaya tu. Tangu Januari 2018 benki duniani kote zinazofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, zikiwemo za Kenya, zimetakiwa na kiwango cha IFRS 9 kukadiria hasara ya mikopo inayotarajiwa kabla mkopaji hajashindwa kulipa. Kazi hiyo huhitaji mtu anayeweza kujenga modeli ya takwimu, kuipima na kuitetea mbele ya wakaguzi. Soko la Hisa la Nairobi nalo lilifungua soko la mikataba ya bei za baadaye mnamo Julai 2019, ingawa soko hilo bado ni dogo. Kwa hiyo, kama ningelazimika kuchagua somo moja la hiari kwa mtu atakayerudi nyumbani, ningechagua hatari ya mikopo kabla ya ukadiriaji wa bei za mikataba tata, na programu isiyokuwa na somo hilo ningeipunguzia alama.

Ujerumani ndiyo nchi ninayoipa alama ya juu zaidi kwa gharama, na pia ndiyo inayowakwaza Wakenya wengi kwa sababu zisizojulikana mapema. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo ya masomo hata kwa wageni, ila jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu majira ya baridi ya 2017. Chuo Kikuu cha Tübingen, chenye uzamili wa uchumi na fedha unaofundishwa kwa Kiingereza, kiko katika jimbo hilo, hivyo mihula minne ni euro 6,000. Chuo Kikuu cha Goethe, kilichoko Frankfurt, mji wa Benki Kuu ya Ulaya, kina uzamili wa sarafu na fedha kwa Kiingereza, na Frankfurt iko Hesse, nje ya kanuni ya Baden-Württemberg. Katika mji huohuo kuna Frankfurt School, ambacho ni chuo binafsi chenye karo kubwa, na majina ya vyuo hivyo viwili hayapaswi kuchanganywa kwenye fomu.

Kikwazo cha kwanza cha Ujerumani ni fedha za viza. Mwombaji hutakiwa kuweka katika akaunti iliyozuiwa euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Septemba 2024, na akishafika huko huruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Tukichukua shilingi 150 kwa euro moja kwa ajili ya hesabu tu, hizo ni karibu shilingi milioni 1.8 ambazo lazima ziwepo kabla ya kupata viza. Fedha hizo ni za mwanafunzi mwenyewe na atazila, lakini familia nyingi za huku haziwezi kuzikusanya bila kuuza kipande cha shamba au kuweka hati ya shamba benki. Nasema wazi kwamba sishauri shamba la familia liwekwe rehani kwa ajili ya programu yoyote katika tathmini hii, kwa kuwa kibali cha kufanya kazi cha siku 140 kamili kwa mwaka hakitoshi kulipa mkopo wa benki wa Kenya huku mtu akisoma.

Kikwazo cha pili hakisemwi kabisa, nacho ni ubadilishaji wa alama. Vyuo vya Ujerumani hutumia fomula inayochukua alama ya juu kabisa ya mfumo wa nje, alama ya chini ya kupita na alama ya mwanafunzi, kisha huitafsiri kwenye kipimo ambacho 1 ni bora na 4 ni ya kupita. Ikiwa chuo kitaichukua 100 kuwa alama ya juu na 40 kuwa ya kupita, mwanafunzi wa Kenya mwenye wastani wa 65, ambaye nyumbani ana daraja la pili la juu na anaheshimiwa, hupata 2.75. Programu nyingi zenye ushindani huomba 2.5 au bora zaidi, na kwa fomula hiyo 2.5 ni sawa na wastani wa 70 kamili, yaani mlango wa daraja letu la kwanza. Wahadhiri wetu hawatoi 90, na kila mtu aliyesoma huku analijua hilo, lakini fomula hailijui. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba maelezo ya mfumo wa alama yamechapishwa kwenye hati ya matokeo au katika barua rasmi ya msajili, na kuchagua programu zinazotazama pia alama ya GMAT (mtihani wa kimataifa wa kuingilia shule za biashara), uzoefu wa kazi au masomo mahususi. Vilevile mwombaji aangalie kama chuo chake kimetambuliwa katika hifadhidata ya Ujerumani iitwayo Anabin.

Jambo linalofanana na hilo ni vizio vya masomo vya Ulaya, ambavyo mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa 60 na kizio kimoja huwa kati ya saa 25 na 30 za kazi yote ya mwanafunzi, ikiwemo kusoma peke yake. Mwombaji anayehesabu saa za darasani peke yake atajipunguzia haki yake. Digrii ya miaka minne yenye kozi 48, ikihesabiwa kwa vizio 240, humpa kila kozi vizio vitano. Chuo kikitaka vizio 15 vya takwimu na ekonometria, basi ni kozi tatu, na mwombaji ambatishe maelezo ya kila kozi kutoka idarani ili anayesoma faili lake asilazimike kukisia.

Uholanzi inanipendeza kwa uwazi. Uzamili wa fedha wa Tilburg, Maastricht, Amsterdam au Rotterdam huwa wa mwaka mmoja, vizio 60, na chuo chenyewe ndicho kinachomwombea mwanafunzi kibali cha ukaazi kwa idara ya uhamiaji, jambo linalompunguzia mwombaji mizunguko ya Nairobi. Baada ya kuhitimu, mtu anaweza kuomba mwaka mmoja wa kutafuta kazi, na anaruhusiwa kuuomba ndani ya miaka mitatu tangu amalize. Ubaya wake ni karo, ambayo kwa mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya huwa takriban euro 17,000 hadi 25,000 kwa mwaka huo, na kasi ya masomo, kwa maana mtu aliyezoea muhula wetu mrefu atajikuta kwenye mtihani kabla hajazoea baridi. Uholanzi pia hutenganisha vyuo vikuu vya utafiti na vyuo vya ufundi wa taaluma, na mwenye shahada ya chuo cha ufundi wa taaluma mara nyingi huhitaji kozi za kuziba pengo kabla ya kuingia katika chuo kikuu cha utafiti. Kwa mfanyakazi ambaye mwajiri wake atamlipia, au aliyejiwekea akiba ya kutosha, naiona Uholanzi kuwa chaguo bora kwa sababu humrudisha kazini mapema.

Uswidi ilianza kuwatoza karo wanafunzi wa nje ya Ulaya mnamo 2011, na Norway ikafuata 2023, kwa hiyo hadithi za zamani za masomo ya bure kule zisitumiwe tena kupanga bajeti. Hata hivyo Uswidi ina udhamini wa Svenska Institutet, taasisi ya serikali ya nchi hiyo, kwa watu wenye uzoefu wa kazi wa angalau saa 3,000, Kenya ni mojawapo ya nchi zinazostahiki, na udhamini huo hulipa karo na matumizi ya kila siku. Tahadhari yangu ni moja: udhamini huo una orodha yake ya programu zinazokubaliwa, na si kila programu ya fedha imo. Mwombaji aifungue orodha hiyo kwanza, kisha ndipo achague chuo, iwe ni Gothenburg, Lund au kinginecho. Maombi ya vyuo vingi hupitia tovuti moja ya taifa, hufungwa katikati ya Januari, na ada ni krona 900 kwa programu zote mtu atakazochagua.

Ufaransa ina nyuso mbili. Shule kubwa za biashara kama HEC, ESSEC, ESCP na EDHEC ni bora kwa kweli, lakini karo zake ni za watu wanaotarajia mshahara wa benki ya uwekezaji, na bila udhamini simshauri mtu wa huku kuziendea. Vyuo vikuu vya umma vilitangaza mwaka 2019 karo ya euro 3,770 kwa mwaka wa uzamili kwa wageni wa nje ya Ulaya, na ingawa imepanda kidogo tangu hapo, bado ni ya kibinadamu. Tatizo ni kwamba nyingi ya programu hizo hufundishwa kwa Kifaransa. Udhamini wa Eiffel wa serikali ya Ufaransa upo, ila mwombaji hupendekezwa na chuo, na kwa uzamili una kikomo cha umri cha miaka 25. Italia ina Bocconi mjini Milano kwa mwenye uwezo, na vyuo vya umma, Bologna kikiwemo, ambavyo karo yake hupangwa kwa kipato cha familia. Familia ya mkulima wa Bungoma inaweza kunufaika sana hapo, mradi hati za kipato zitafsiriwe na kuthibitishwa kwa wakati. Austria hutoza euro 726.72 kwa muhula, kiasi ambacho, kwa ubora wa chuo cha Vienna, ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye hesabu imara. Hispania na Ureno sizipi nafasi kubwa hapa, kwa kuwa programu zake zinazojulikana ni za shule za biashara zenye karo nzito na soko la ajira linalodai lugha.

Uingereza ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, na mwaka wake mmoja wa masomo kwa Kiingereza una mvuto. Lakini juu ya karo kuna ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, kuna kipimo cha kifua kikuu, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kuandamana na mke, mume au watoto. Wazazi vijana wa Kondele na Lanet wanaopanga kwenda na familia walizingatie hilo mapema. Muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya kuhitimu umekuwa miaka miwili, na utapunguzwa hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Kwa maoni yangu, Uingereza inafaa zaidi kwa anayepata udhamini wa Chevening wa serikali ya Uingereza, unaohitaji takriban miaka miwili ya kazi na unaomtaka mhitimu arudi nyumbani kwa angalau miaka miwili.

Udhamini ambao sielewi kwa nini hauzungumzwi vya kutosha huku ni wa Erasmus Mundus, unaogharamiwa na Umoja wa Ulaya. Hulipa karo yote na humpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na masomo hufanyika katika nchi mbili au zaidi. Katika fani yetu kuna programu iitwayo QEM, ya mbinu za uchumi wa kihesabu, inayoshirikisha vyuo vya Paris, Barcelona, Bielefeld, Venezia na Warszawa. Ni ngumu, na ushindani wake ni wa dunia nzima, lakini mtu mwenye daraja la kwanza la uchumi na hesabu kutoka Maseno au Egerton hana sababu ya kutoliwasilisha jina lake. Kwa wenye uzoefu wa miaka miwili, ofisi ya DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, mjini Nairobi ina udhamini wa programu za maendeleo, zikiwemo za uchumi, ambao huhitaji digrii ya mwisho iwe imepatikana si zaidi ya miaka sita iliyopita.

Nimeombwa pia niseme kuhusu mawakala wa masomo ya nje walioko mjini Kisumu. Wengine huwasaidia watu kujaza fomu kwa uaminifu. Lakini msomaji ajue kwamba wakala kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo, na vyuo vya umma vya Ujerumani kwa kawaida havilipi kamisheni, hivyo orodha anayoonyeshwa mteja huelekea kwenye vyuo binafsi. Katika ofisi moja niliyoitembelea na kijana wa jirani, tulionyeshwa kijitabu chenye picha nzuri za kampasi, na nilipouliza programu ile ilihitaji kozi ngapi za takwimu, jibu lilikuwa kwamba hilo tutalijua baada ya kulipa. Swali hilo linajibiwa bure kwenye tovuti ya chuo, na wakala asiyeweza kulijibu hastahili kulipwa chochote. Mtu aulize pia kama chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya nchi yake, kwa sababu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo itakayoilinganisha digrii hiyo hapa nyumbani, na anayetaka kufundisha au kuajiriwa serikalini hataweza kuikwepa.

Nikiwekewa waombaji watatu mbele yangu, mwenye hesabu nyingi na fedha kidogo ningempeleka Erasmus Mundus na Vienna, mwenye miaka ya kazi katika benki au sacco ningemwanzisha na Chevening na Svenska Institutet, na mwenye daraja la pili la juu pamoja na wazazi walio tayari kugharamia akaunti ya Ujerumani ningemwambia aifanye GMAT kwanza. Wote watatu waanze mwezi wa Julai wa mwaka unaotangulia ule wa kuanza masomo. Chevening hufunguliwa karibu na Agosti, programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kuanzia Oktoba hadi Januari, Uswidi hufunga Januari, vyuo vingi vya Uholanzi hufunga kwa waombaji wa nje ifikapo Aprili au mapema zaidi, na hati rasmi ya matokeo kutoka kwa msajili wa chuo cha Kenya huweza kuchukua majuma mengi, kwa hiyo iombwe kabla ya kitu kingine chochote, katika nakala kadhaa zilizopigwa muhuri.